Wiki Mbili Zisizotajwa Dirishani

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa injili hapa Arusha, mama mmoja alipanda jukwaani kutoa ushuhuda. Alipewa vidonge vya sonona, akavimeza siku tano. Mdomo ukamkauka, choo kikawa kigumu, alfajiri akashindwa kuamka kwenda Soko la Kilombero kuchukua nyanya, na huzuni ikabaki palepale. Akavitupa. Mhubiri akatangaza kwamba vidonge hivyo ni sumu ya kulevya watu. Umati ukapiga makofi.

Mhubiri alipotosha, na mkoa huu ulipaswa kuwa wa mwisho kumpigia makofi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za VVU wakiamini wamepona. Lakini hasira yangu haiishii kwa mhubiri. Yote aliyoyasema yule mama kuhusu mwili wake ni kweli. Ni nani aliyempa vidonge bila maneno?

Kwa dalili zile, naamini alipewa amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali kama serotonini na noradrenalini, kisha kemikali hizo hunyonywa na kurudi kwenye seli iliyozitoa. Dawa huziba njia ya kurudi ili zikae kazini muda mrefu zaidi. Kuziba huko huanza ndani ya saa chache. Nafuu haiji ndani ya saa chache. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne, wengine hata sita, kwa sababu ubongo wenyewe lazima ujipange upya taratibu.

Wapinzani wa dawa hizi watasema wanasayansi wenyewe wanabishana. Ni kweli, mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa London na wenzake walipitia tafiti na kuonyesha kwamba dhana ya sonona kuwa upungufu wa serotonini haina ushahidi wa kutosha. Ila kutojua chanzo si sawa na dawa kutofanya kazi: mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walijumlisha majaribio 522 ya dawa 21, na zote zilishinda kidonge kisicho na dawa, japo si kwa tofauti kubwa.

Amitriptilini haigusi kemikali hizo mbili tu. Huziba pia histamini, ndipo usingizi unapotoka, na asetilikolini, ndipo mdomo unapokauka, choo kinapokuwa kigumu na mkojo unaposita. Haya huanza usiku wa kwanza. Maudhi yanatangulia, nafuu inafuata baada ya wiki kadhaa. Mgonjwa asiyeambiwa mpangilio huu anaipima dawa siku ya tano, na kwa anachokiona siku hiyo ana haki kabisa ya kuitupa.

Wapo wahudumu wanaosema ukimtajia mgonjwa maudhi, utamtia hofu na hatameza. Wengine wanasema foleni ni ndefu. Foleni ni ndefu kweli.

Lakini unamficha nini mtu ambaye kesho asubuhi mdomo wake mwenyewe utamwambia? Kwenye dirisha la dawa anapewa kibahasha kilichoandikwa "1x1 usiku", basi. Dereva wa bodaboda wa Sakina anameza saa tano usiku, saa kumi na moja alfajiri anawasha pikipiki na kuingia barabara ya Namanga, kidonge kikiwa bado kichwani. Mwanamume aliyepewa fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, anapoteza hamu ya tendo la ndoa, hamwambii daktari wala mkewe, anaacha kimyakimya. Marekani iliamuru onyo tangu mwaka 2004 kwa watoto na vijana, ikalipanua mwaka 2007 hadi wenye miaka 24, kwamba mwanzoni mwa dawa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Hapa kwetu ni akina mama wangapi wameambiwa wamwangalie kijana wao kwa karibu wiki zile za kwanza? Na anayeacha ghafla baada ya miezi mingi anapata kizunguzungu na mishtuko kama shoti ya umeme, nao ndugu wanasema, "Kumbe zinalevya!" Hazimtii mtu uchu wa kuongeza kila siku kama gongo. Mwili umezizoea, na ndiyo maana daktari huzipunguza polepole. Hilo nalo halikuandikwa kwenye kibahasha.

Msiniambie tena habari ya muda. Maneno anayostahili yule mama ni haya: "Mama, mdomo utakauka na utasinzia, kwa hiyo meza saa moja jioni, usingoje usiku wa manane. Huzuni haitaondoka wiki hii, pengine hata ijayo. Usiache mwenyewe. Rudi baada ya wiki mbili, na ukizidiwa, njoo hata kesho." Nimeyasoma kwa sauti, polepole, saa ikiwa mkononi. Hayakufika nusu dakika.