Bahari Iko Wapi Hapa Kitale?

Majuzi nilihudhuria mchango mjini Kitale wa kumsaidia kijana aliyepata nafasi ya kusomea uhandisi wa ujenzi na wa pwani nchini Uingereza. Jina la shahada hiyo lilipotajwa, mzee mmoja aliinuka akauliza: “Hebu tuelezeni, wanangu. Hapa Kitale bahari iko wapi?” Watu wakaangua kicheko. Kijana akainamisha kichwa. Baba yake, aliyekwisha kuuza ekari moja ya shamba la mahindi kwa ajili ya safari hiyo, hakucheka.

Swali la mzee huyo lastahili kujibiwa kwa makini, kwani ndani yake mna hatima ya vijana wengi wa Trans Nzoia na Bungoma wanaotamani kusoma ng’ambo.

Kesho yake nilipokuwa safarini kwenda Bungoma, nilishuka Webuye nikaenda kuutazama mto Nzoia kwenye maporomoko ya Nabuyole. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo. Udongo huo ni wa mashamba yetu. Mto huu hukusanya maji ya vilima vya Cherangani na ya miteremko ya Mlima Elgon, ukayapitisha Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega, kisha ukayamwaga katika Ziwa Victoria huko Budalangi, kaunti ya Busia. Wakazi wa Budalangi wanatufahamu sisi wa juu kwa tope tunalowapelekea.

Mwaka 2003, kisha 2008, na tena 2020, mto huo ulizishinda kingo zilizojengwa kuwakinga watu hao. Maelfu walihama makwao, na mazao yao yakazama. Mwezi Mei 2020 maji ya ziwa yenyewe yalipanda hata yakakipita kile kiwango cha juu kilichokuwa hakijafikiwa tangu mwaka 1964. Ziwa linapojaa hivyo, mto hupoteza mteremko wake. Maji hupunguza mwendo, tope hutua, na sakafu ya mto huinuka. Tuta lililotosha jana halitoshi tena leo, hata kama mvua ni ile ile. Kuyapima mambo haya, na kukadiria tuta lijengwe wapi na kwa kimo gani, ndiyo kazi ya mhandisi wa pwani na midomo ya mito. Kwa hiyo, mzee wangu, pwani tunayo. Imo mwishoni mwa mto unaopita mlangoni petu.

Hata hivyo, umuhimu wa elimu hii hauhalalishi kila njia ya kuitafuta. Yafaa wazazi waelewe gharama kabla ya kuuza shamba. Kwa kawaida, anayeomba viza ya masomo Uingereza hutakiwa kuonyesha karo ya mwaka wa kwanza pamoja na fedha za kujikimu za hadi miezi 9, nazo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Mtu asitegemee kwamba kijana atajilipia kwa vibarua, kwani mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa muhula.

Isitoshe, funzo liko karibu nasi. Mwaka 2023 wazazi wa kaunti jirani ya Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret, wakidai kwamba karo waliyolipa kupitia mpango wa kaunti hiyo wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada haikuwa imefika vyuoni. Watu kadhaa walishtakiwa, nao wakakana mashtaka. Mahakama ina wajibu wake. Lakini mwanafunzi aliyetishiwa kufukuzwa chuoni katika nchi ya theluji hawezi kula hukumu ya mahakama.

Kwa maoni yangu, misingi ya uhandisi wa ujenzi na isomwe hapa nyumbani, pale inapowezekana. Inafundishwa Nairobi, na hata Kakamega kwenye Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, safari fupi tu kutoka Bungoma. Ng’ambo aende aliyekwisha kupata msingi huo, akatafute ujuzi adimu. Waholanzi walipoteza zaidi ya watu 1,800 bahari ilipovunja kingo zao mwaka 1953. Mwaka 1957 walianzisha mjini Delft chuo cha kuwafunza wahandisi wa maji kutoka mataifa mengine, na hadi leo Waafrika husomea huko. Mtu aliyewahi kuuona Nzoia ukifurika atajua la kuwauliza walimu wa namna hiyo.

Jambo la mwisho, nalo ndilo zito zaidi, ni la kurudi. Anayerejea na shahada ya kigeni sharti ikubaliwe na Bodi ya Wahandisi, kisha afanye kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Asipopata pa kufanyia mazoezi hayo, ujuzi wake utabakia ndani ya bahasha, au utarudi Ulaya kuwatumikia wengine. Nimewaona wahandisi wa aina hiyo wakiuza vipuri vya pikipiki.

Wakati umewadia kwa kaunti za Trans Nzoia, Bungoma, Kakamega na Busia kukaa pamoja kwa ajili ya mto huu mmoja. Ziwadhamini wanafunzi wachache wenye msingi, ziwapelekee karo moja kwa moja vyuoni, ziwape takwimu za maji na tope la Nzoia wazifanyie utafiti, na ziwatengee nafasi za mazoezi kabla hawajapanda ndege.

Kijana wetu ameondoka, nami namtakia heri. Ekari ya baba yake haitarudi. Linaloweza kurudi ni tuta imara huko Budalangi, lenye mkono wa mtoto wa Kitale. Hilo likitimia, mzee aliyeuliza bahari iko wapi atakuwa amepata jibu lake.