Mwenyeji kwanza, burse baadaye

UPEPO WA MARUNGU
Na Mumba Kalunga

Kijana wa Pepa, huku kwetu jimbo la Tanganyika nchini Kongo, akirudi na udaktari wa hesabu au wa kompyuta, nyumbani huchinjwa mbuzi. Kesho yake wazee wanauliza: sasa kazi gani?

Wengi hujibu kwa kuwinda matangazo ya burse usiku kucha na kutuma karatasi zilezile kila chuo. Wanaanzia mkiani. Nafasi ya utafiti baada ya udaktari ina mwenyewe, naye ni mtafiti atakayekupokea. Burse ya Umoja wa Ulaya iitwayo Marie Skłodowska-Curie haiombwi bila yeye. Uraia hauulizwi. Udaktari usiwe umepita miaka 8, na ndani ya miaka 3 iliyopita usiwe umeishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12. Sharti hilo linawakwaza walioko Paris wanaotaka kubaki Paris. Mtu wa Kalemie analivuka amelala. Dirisha hufungwa Septemba kwa kawaida, basi mwenyeji atafutwe mwanzoni mwa mwaka.

Atakusikiliza kwa nini? Kwa sababu ya ziwa. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapa hesabu za Catherine O'Reilly na wenzake: joto limepunguza chakula cha samaki katika Ziwa Tanganyika kwa asilimia 20 hivi, na mavuno ya samaki huenda yameshuka asilimia 30. Waandishi watano, Mkongomani hata mmoja hayumo. Halafu kuna kipindupindu, mgeni wetu asiyeaga. Takwimu zake zimelala kwenye madaftari ya vituo vya afya, zimeandikwa kwa biki, kurasa nyingine zimelowa. Anayejua kwamba muuguzi wa huku huandika "kuhara" pale mwenzake wa kule anapoandika "kolera" ana kitu ambacho kompyuta ya Zürich haina.

Barua basi iwe nusu ukurasa: swali moja, data ziko wapi, programu gani umeandika, makala gani ya huyo profesa umeisoma. Zile kurasa tatu za "Mheshimiwa sana Profesa" tulizofundishwa hazisomwi.

Pa karibu papo. Kituo cha fizikia cha Trieste, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 akiwafikiria wanasayansi wa nchi maskini, kina taasisi mshirika Kigali tangu 2018. Najua, baada ya Goma kuanguka Januari 2025 mikononi mwa waasi wanaoungwa mkono na Rwanda, kumtajia Mkongomani Kigali ni kumtonesha kidonda. Anayekataa simlaumu.

Anayekwenda Ulaya kwa kawaida huombea visa Kinshasa, na kutoka Pepa hiyo ni safari ya barabara mbovu mpaka Kalemie, kisha ndege. Hapo serikali ya jimbo ingeweka mkono: tiketi ya kwenda na kurudi kwa kila mwenye barua ya mwenyeji. Semina moja ya hotelini inakula zaidi ya hapo.