Bajeti ya bonasi katika uteuzi wa wachezaji wa besiboli

Bajeti ya bonasi ni kiwango cha fedha ambacho kila klabu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) inaruhusiwa kutumia kuwasainisha wachezaji iliowachagua katika uteuzi wa kila mwaka. Utaratibu huu ulianza kutumika mwaka 2012, kufuatia mkataba kati ya wenye klabu na chama cha wachezaji.

Historia

Uteuzi wa wachezaji ulianza mwaka 1965. Klabu huchagua kwa zamu vijana kutoka shule za sekondari na vyuo vya Marekani, Kanada na Puerto Rico. Kijana aliyechaguliwa anaweza kujadiliana na klabu moja tu. Wachezaji wa nchi nyingine hawapiti huko. Ndiyo maana David Matoma wa Uganda alisajiliwa na Pittsburgh Pirates kama mchezaji wa kimataifa, chini ya bajeti nyingine.

Kabla ya 2012 ofisi ya ligi ilitoa mapendekezo tu kuhusu bonasi, na klabu ziliweza kuyapuuza. Mwaka 2011 Pirates walimpa mrushaji Gerrit Cole dola milioni 8, kiwango ambacho hakikupitwa hadi 2019.

Jinsi inavyofanya kazi

Kila nafasi katika raundi 10 za kwanza ina thamani yake, kubwa zaidi ikiwa ya chaguo la kwanza. Jumla ya thamani za nafasi za klabu ndiyo bajeti yake. Klabu inaweza kumlipa mchezaji mmoja zaidi ya thamani ya nafasi yake na mwingine pungufu, mradi jumla isizidi. Mchezaji asiposaini, thamani ya nafasi yake huondolewa kwenye bajeti. Kuanzia raundi ya 11, bonasi isiyozidi kiwango maalumu (dola 150,000 tangu 2023) haihesabiwi. Kinachozidi hapo huhesabiwa.

Klabu ikizidisha bajeti kwa hadi asilimia 5, hulipa kodi ya asilimia 75 ya kiasi kilichozidi. Ikivuka hapo, hupoteza pia chaguo lake la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata, na adhabu huongezeka kadiri ziada inavyokua. Klabu nyingi huwa tayari kulipa kodi, lakini hukwepa kupoteza chaguo.

Mbinu za klabu

Houston Astros walionyesha njia mwaka 2012. Walimchagua Carlos Correa wa kwanza na kumsainisha kwa dola milioni 4.8, wakati thamani ya nafasi hiyo ilikuwa milioni 7.2. Akiba hiyo iliwawezesha kumlipa mrushaji Lance McCullers Jr., aliyekuwa chaguo la 41, dola milioni 2.5, takriban mara mbili ya thamani ya nafasi yake. Wote wawili walikuwemo katika timu iliyotwaa ubingwa mwaka 2017.

Mwaka 2025 Washington Nationals walifanya vivyo hivyo. Eli Willits, aliyekuwa na umri wa miaka 17, alisaini kwa dola milioni 8.2 katika nafasi yenye thamani ya takriban milioni 11.1, na akiba ikatumika kwa wengine waliochaguliwa baada yake.

Chanzo kingine cha akiba ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni. Wao hawana shule ya kurudi, hivyo hukubali bonasi ndogo. Kijana wa sekondari anaweza kutishia kwenda chuo. Hiyo ndiyo silaha yake katika mazungumzo.

Kisa cha mwaka 2014

Udhaifu wa utaratibu ulionekana mwaka 2014. Astros walikubaliana na mrushaji Brady Aiken, chaguo la kwanza, kwa dola milioni 6.5. Baada ya vipimo vya afya kuzua wasiwasi kuhusu kiwiko chake, walishusha ofa, naye hakusaini. Thamani ya nafasi yake, takriban milioni 7.9, ikaondolewa kwenye bajeti. Jacob Nix, chaguo la raundi ya tano aliyekwisha kukubaliana nao kwa dola milioni 1.5, akabaki bila mkataba, kwa kuwa kumlipa kungeigharimu klabu machaguo ya baadaye. Chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko, na baadaye Nix na klabu walipatana. Aiken alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2015. Astros walipewa chaguo la pili la mwaka huo kama fidia, wakamchukua Alex Bregman.

Hoja

Wanaounga mkono bajeti husema inazizuia klabu tajiri kuwanunua vijana bora wanaoachwa na klabu maskini kwa sababu ya bei. Wakosoaji hujibu kwamba vijana hawa si wanachama wa chama cha wachezaji wakati mkataba unapojadiliwa, kwa hiyo mapato yao hupunguzwa na watu wasiowawakilisha. Kisa cha Nix kinaongeza hoja nyingine: bonasi ya kijana mmoja inaweza kupotea kwa sababu ya kiwiko cha mwenzake. Mkataba wa sasa kati ya wenye klabu na wachezaji unamalizika Desemba 2026, na kanuni za uteuzi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kujadiliwa upya.