Njia ya Mahale Iwe Njia ya Umma

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyotangazwa rasmi mwaka 1985, ni mali ya Watanzania wote. Hapana anayelibisha jambo hilo. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,613. Kilele chake kirefu, Nkungwe, kinafikia mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na miteremko yake inashuka mpaka kwenye maji maangavu ya Ziwa Tanganyika. Humo wanaishi sokwe mtu mia kadhaa, ambao watu huvuka bahari mbili kuja kuwatazama. Sheria inasema mali hiyo ni yetu. Lakini yafaa tuulizane kwa insafu: mali ambayo mwenyewe hana njia ya kuifikia, inakuwa yake kwa namna gani?

Tunauliza hivyo kwa sababu jambo la ajabu limezoeleka mbele ya macho yetu. Mgeni anaondoka Ulaya au Marekani, anashuka Arusha, anapanda ndege ndogo, na siku hiyo hiyo analala chini ya milima ya Mahale. Mwalimu wa shule ya msingi aliye Kigoma mjini, mwendo wa kilomita kama 120 tu kutoka hifadhini, hawezi kuwapeleka wanafunzi wake huko hata kama wazazi wamechanga kwa mwaka mzima. Raia hutozwa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, nasi tunaipongeza serikali kwa hilo. Lakini kiingilio nafuu kwenye mlango usiofikika hakimsaidii mtu. Kinachomzuia kabwela ni safari yenyewe.

Ziko njia tatu za kufika Mahale: ya angani, ya nchi kavu na ya ziwani. Kila moja tumeipima kwa kipimo kimoja, nacho ni kujua inamhudumia nani.

Njia ya angani ndiyo ya haraka. Ndege ndogo za kukodi, na zile za safari maalumu za watalii, hutua katika kiwanja kidogo kilicho upande wa kaskazini wa hifadhi, na kutoka hapo abiria huchukuliwa kwa boti mpaka kambini. Sisi hatuibezi njia hii. Inaliletea taifa fedha za kigeni, na siku mgonjwa mahututi atakapohitaji kuokolewa, ndege itakuwa na thamani kuliko dhahabu. Hata hivyo tukubaliane kwamba nauli yake haimhusu mvuvi wa Mugambo wala karani wa Uvinza. Ndege inapita juu ya vijiji, haivisimamii. Haipakii dagaa wala gunia la mihogo, haimpeleki mama mjamzito kliniki, na haimrudishi mwanafunzi nyumbani shule inapofungwa.

Njia ya nchi kavu ni ile inayotoka Simbo, ikapita Ilagala, ikaelekea kusini hadi Kalya. Msafiri wa njia hiyo hana budi kuvuka mto Malagarasi, na wakati wa masika anajua siku ya kuondoka lakini hajui siku ya kufika. Tunaamini barabara hii lazima iimarishwe ipitike mwaka mzima, kwa kuwa ndiyo uhai wa wakulima wa mwambao. Lakini tusijidanganye kwamba itamfikisha mtu ndani ya Mahale kwa gari. Ndani ya hifadhi hakuna barabara za magari. Huko watu hutembea kwa miguu, na sehemu za pwani huzifikia kwa boti. Hali hiyo ni sehemu ya utukufu wa Mahale, wala hatutaki iguswe. Msitu ule umesalimika kwa sababu tingatinga halikuingia.

Inabaki njia ya ziwani, nayo ndiyo njia ya asili. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673 na kina cha mita 1,470, na kwa kina ni la pili duniani. Watu wa mwambao hawakungoja mhandisi awaambie kwamba ziwa hilo ndilo barabara kuu yao. Waha, Watongwe, Wabembe na Wafipa wamelitumia kwa biashara na kwa undugu tangu enzi za mababu. Kwa hiyo swali la usafiri wa Mahale, likifikiriwa vizuri, ni swali la usafiri wa ziwa zima upande wetu.

Hapa hatuwezi kupita bila kuitaja Liemba. Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma kwa reli ya kati ambayo ilifika huko mwaka 1914. Iliingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, chombo cha vita cha mkoloni. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Hivyo mkoloni mmoja aliileta kwa vita, na mwingine akaiopoa kwa faida yake.

Lakini waliokuja kuipa maana ni wananchi. Kwa miongo mingi ilishuka kutoka Kigoma mpaka Mpulungu nchini Zambia, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, huku mitumbwi ikiizunguka kupakia na kupakua watu na mizigo. Ubavuni mwake walikutana mchuuzi wa dagaa, mwuguzi anayehamia kituo kipya, Mzungu mwenye shanta mgongoni, na askari wa hifadhi anayerudi kazini Mahale. Abiria wa Mahale alishuka Lagosa, mahali ambapo wenyeji hupaita Mugambo, akamalizia safari kwa boti. Wote walisafiri katika chombo kimoja, kila mtu kwa daraja la nauli yake. Na mwezi Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi waliporundikana Kagunga, mahali ambapo mlima umebana ufuko na gari halipiti, ni Liemba iliyokwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma. Meli ya umma hujulikana siku ya dhiki.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 safari hizo zilikatika, meli ikafungwa bandarini ingoje matengenezo makubwa. Mwenzake MV Mwongozo, ambaye jina lake latukumbusha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, naye alikwisha kusimama. Athari yake waliihisi watu wa mwambao, wala haikuhitaji takwimu. Mwenye fedha alihamia kwenye ndege na boti za kukodi. Asiye nazo aliachiwa maboti ya mbao yenye injini, yanayojaza watu juu ya magunia na kukata mawimbi usiku. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini mashariki hulivuruga ziwa hilo, na abiria wa boti la mbao hana cha kushika isipokuwa dua.

Atatokea mtu aseme kwamba meli za serikali nazo zimeua. Ni kweli, na msiba haufichwi. MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, na kivuko MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, tukapoteza ndugu zetu zaidi ya 200. Vyombo vyote viwili vilibeba watu kupita kiasi chake. Somo tunalolipata hapo ni kwamba chombo cha umma kinataka nidhamu ya umma: hesabu ya abiria isiyopindishwa, ukaguzi usionunuliwa, na nahodha mwenye uwezo wa kumwambia mkubwa kwamba leo hatuondoki. Somo hilo halisemi kwamba wananchi warudishwe kwenye mbao na kandambili.

Atatokea mwingine aseme kwamba meli haina faida. Huyu tunamwuliza: faida gani anayoihesabu? Barabara ya lami inayopita katika kata ya mbali haijapata kuulizwa imeingiza shilingi ngapi kwa mwaka. Huhesabiwa kwa mazao yaliyofika sokoni na wagonjwa waliofika hospitali. Nasi twataka meli ya ziwa ihesabiwe hivyo hivyo. Tena ikiwa na ratiba ya kuaminika italeta hata faida ya fedha, kwa maana mtalii wa kawaida, yule asiye tajiri, ataweza kupanga safari ya Mahale pasipo kukodi ndege. Wageni wa namna hiyo hulala katika nyumba zetu za wageni, hula katika migahawa ya mama zetu, na hununua sokoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni apitaye angani hamponyi mwenyeji aliye chini.

Kuna deni jingine ambalo watu wengi hawapendi kulitaja. Mahale haikuwa nchi tupu. Watongwe waliishi katika mabonde yale kabla haijawa hifadhi, na Nkungwe ulikuwa mlima wao wa heshima. Wataalamu wa Kijapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Toshisada Nishida, walipoanza utafiti wao Kasoge mwaka 1965, walitegemea macho na miguu ya wenyeji. Mwaka 1987 sokwe jike mgonjwa alionekana akitafuna utomvu mchungu wa mjonso. Aliyeweza kueleza kwamba huo ni mti wa dawa kwa Watongwe ni Mohamedi Seifu Kalunde, mwenyeji na mganga wa jadi, aliyekuwa pamoja na mtafiti Michael Huffman. Elimu hiyo imesomwa dunia nzima. Basi watu walioiachia hifadhi ardhi yao, na kuwafundisha wataalamu misitu yao, wakikosa hata chombo salama cha kupita mbele ya mlima wa babu zao, tutakuwa tumekopa na kukataa kulipa.

Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitamka pale Arusha kwamba wanyama wa porini ni amana tuliyoipokea, na kwamba tutawalinda ili hata wajukuu wa watoto wetu wawaone. Amana ni neno zito. Tulifundishwa tangu chuoni kwamba mwenye kupewa amana huulizwa. Na amana hii ina pande mbili: kuwatunza wale sokwe wasiangamie, na kuwawezesha wale wajukuu wafike wawaone. Upande wa kwanza kazi imefanyika vizuri. Upande wa pili bado.

Kwa hiyo tunasema yafuatayo. Kwanza, ahadi ya kuirudisha Liemba majini, na ya kuongeza vyombo vipya, itimizwe kwa tarehe zinazojulikana kwa wananchi, na ratiba ikitangazwa iheshimiwe kama inavyoheshimiwa ratiba ya treni mpya ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mkataba wa kuipeleka reli hiyo kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini mwaka 2022. Itakuwa fedheha treni ya kisasa imshushe msafiri Kigoma, kisha aachwe ufukoni akipatana bei na mwenye boti.

Pili, vijiji vinavyopakana na hifadhi vipatiwe magati ya kweli, hata kama ni madogo, ili mama mwenye mtoto mgongoni asiruke kutoka mtumbwini kuingia melini gizani.

Tatu, wakuu wa hifadhi na halmashauri zetu wakae pamoja na walimu wapange safari za wanafunzi kila mwaka, kwa chombo cha umma na kwa nauli ya mwanafunzi. Mtoto aliyemwona sokwe kwa macho yake hatakuwa jangili.

Nne, wananchi wa mwambao nao watimize wajibu wao. Meli ikirudi, wailinde kama mali yao: wasipande bila tiketi, wasimshawishi karani aongeze mzigo, wala wasinyamaze wanapoona sheria inavunjwa. Haki na wajibu ni mapacha.

Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Viongozi wetu wengi wa mikoa hii walikwenda shule kwa meli hiyo hiyo, wakiwa wamekaa juu ya mikeka na mizigo. Leo wanafika Mahale kwa ndege, pamoja na ujumbe wao, na kurudi kabla ya jua kutua. Tunawaomba, kabla hawajapitisha bajeti nyingine ya kutangaza utalii, wafanye safari moja tu kutoka Kigoma hadi Mugambo kwa chombo anachopanda mwananchi wa kawaida, na kwa saa zile zile anazosafiri yeye. Wakifika salama, tunaamini hapatakuwa na haja ya sisi kuandika tena juu ya jambo hili.