Kijiji Nacho Kisome Riwaya

Wapo wenzetu, na baadhi yao ni watu wa kalamu, washikiliao kwamba mkulima wa Bariadi hana haja na riwaya. Apewe kitabu cha pamba na cha dawa za mifugo. Habari za mume na mke ni anasa ya watu wa mjini. Rai hiyo tunaipinga.

Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Baada ya kampeni ya kisomo, mwaka 1986 walibaki 10 hivi. Je, jasho lote lile lilimwagika ili mtu asome namna ya kunyunyizia dawa tu? Pamba ikishauzwa, fedha huingia nyumbani. Na nyumba isiyo na maelewano huila fedha hiyo kabla ya msimu mwingine.

Tuitazame riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ihusuyo Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mke hana mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga, wazazi wake wanamchukua. Lakini Myombekere hamwachi. Anakwenda ukweni kumwomba arudi.

Watasema hayo ni ya Wakerewe. Kwani Usukumani mke asiyezaa hasimangwi? Mahari ya ng'ombe haijapata kudaiwa kwa ajili yake? Kijijini mtu hathubutu kumsema jirani hadharani. Myombekere atasemwa na wote, wala hakuna atakayeshtakiwa barazani. Hiyo ndiyo kazi ya riwaya.

Basi mmoja asome kwa sauti, na asiyejua kusoma asikilize. Akina mama wasiachwe nyuma ya mkutano, maana mashtaka ni yao. Wala kitabu kisisujudiwe: mila iliyomo inayomwonea mtu ikataliwe, na inayomheshimu ishikwe.

Ndugu walimu, nanyi wanafunzi, riwaya hii ilitolewa kwa Kijerumani mwaka 1991 na kwa Kiingereza mwaka 2002. Itakuwa aibu ikiwa wageni wataijua nyumba ya Bugonoka kuliko sisi tunaokunywa maji ya ziwa lile lile. Utamaduni wa taifa hautunzwi kabatini. Ichukueni riwaya, mwende nayo kijijini.