Bati Bila Mfereji ni Nusu ya Paa

Ndugu mkulima wa Mkolani,

Wengi huuza pamba, wakanunua mabati ya migongo, wakadhani kazi imekwisha. Sivyo. Kwanza tazama mbao ziwe nyofu. Anza kuezeka kwenye ncha iliyo mbali na utokako upepo wa mvua, kila bati lilalie jingine. Msumari upigwe juu ya mgongo, wala si bondeni mapitapo maji.

Kisha usisahau mfereji. Mvua ya milimita 25 juu ya paa la mita za mraba 40 huleta karibu lita 1,000. Bila mfereji, maji hayo huchimba msingi wako, na mkeo angali anateka maji mbali. Shauri langu: heri upunguze chumba kimoja, ununue mfereji na pipa lenye kifuniko.