Waliiga Sura, Wakasahau Kufuli

Wacha nianze na shangazi yangu, anayeuza mboga Kangemi. Mwaka jana tulichanga tukamnunulia simu mpya, ile ya skrini kubwa na kamera zimepangwa nyuma kama macho ya buibui. Alifurahi sana. Akaiweka iwe inafunguka kwa uso, kwa sababu mtu akishika sukuma wiki zenye maji siku nzima, alama ya kidole haisomeki. Wiki chache baadaye kijana wa gredi ya saba pale nyumbani akaifungua simu hiyo kwa kuionyesha picha ya shangazi iliyokuwa kwenye simu ya mamake. Alitaka kucheza gemu tu. Sote tulicheka, isipokuwa mwenye simu. Ndani yake kuna pesa za stoki, za chama na za karo.

Unaweza kusema ni bahati mbaya. Mimi nasema ni matokeo ya tabia moja ya watengenezaji wa simu ambayo imetuchosha wateja: kuigana sura, kisha kutuuzia sura hiyo kama kitu kipya.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 2017 Apple ilitoa iPhone X. Juu ya skrini kulikuwa na mkato mweusi ambao watu wengi waliucheka. Lakini mkato huo ulikuwa na kazi. Ndani yake kuna vifaa vinavyomulika uso wako kwa vitone zaidi ya 30,000 vya mwanga usioonekana kwa macho, ili simu ipime umbo la uso lenyewe, si picha yake. Mwaka uliofuata, 2018, soko likajaa simu za Android zenye mkato kama ule. Nyingi zilikuwa na kamera ya kawaida tu pale juu. Kamera ya kawaida inaona picha, basi. Mwaka 2019 shirika la kutetea wateja la Uholanzi, Consumentenbond, lilisema limejaribu simu 110 na 42 kati yake zilidanganyika kwa picha ya mwenyewe. Waliiga mlango, wakasahau kufuli.

Na hata wakubwa wanaochekana hadharani huishia kufanana. Apple ilipotoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, Samsung iliwacheka kwenye matangazo yake. Mwaka 2019 Galaxy Note 10 ikaja bila tundu hilo. Mwaka 2020 iPhone 12 ikauzwa bila kichwa cha chaja ndani ya boksi, Samsung wakacheka tena mtandaoni. Januari 2021 Galaxy S21 ikafika, fungua boksi: hakuna chaja. Hapo ndipo unajiuliza, kwani ni mteja gani aliyeandika barua kuomba anyimwe chaja?

Juzi juzi wamehamia kwenye wembamba. Mei 2025 Samsung ilitoa Galaxy S25 Edge yenye unene wa milimita 5.8. Septemba mwaka huohuo Apple ikajibu na iPhone Air ya milimita 5.6. Ili simu iwe nyembamba hivyo, kuna kitu lazima kipungue. S25 Edge ina betri ya mAh 3,900, ilhali S25 Ultra ya familia hiyohiyo ina 5,000. Mimi sijawahi kusikia mtu kwenye matatu akilalamika kwamba simu yake ni nene. Nimesikia wengi wakiomba chaja kwa sababu wamebaki na asilimia tatu na bado hawajalipa nauli.

Mbona wanafanya hivi? Niliposomea masoko chuoni tulifundishwa kwamba kuiga ni njia ya kupunguza hatari. Mwenzako ametumia pesa kujaribu, wewe unasubiri uone kama kimeuza. Ikiuza, unatoa yako kwa bei ya chini kidogo. Ni hesabu nzuri kwa kampuni. Shida ni kwamba kitu rahisi zaidi kuiga ni kile kinachoonekana kwenye bango: rangi, umbo, idadi ya kamera. Usalama hauonekani kwenye bango. Spea hazionekani. Na sisi tumezoea kusifia kinachong'aa, na wahenga walishatuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sisemi kuiga ni dhambi. Kuna kuiga kunakotufaa. Oktoba 2023 Google ilitoa Pixel 8 na kuahidi masasisho ya miaka saba. Januari 2024 Samsung ikaahidi miaka saba pia kwa Galaxy S24. Hapo waigane hata kila wiki, sitalalamika. Simu za Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni moja ya China iitwayo Transsion, zilishika soko la Afrika kwa kuangalia tunavyoishi: laini mbili kwenye simu moja, betri inayokaa, kamera inayoona ngozi nyeusi vizuri. Apple ilileta laini mbili mwaka 2018 tu, wakati mtu wa hapa alikuwa amezoea kitambo kuwa na laini moja ya kupiga na nyingine ya bando.

Na sisi Wakenya tunajua ubunifu unavyofanana. Januari 2007 Steve Jobs alionyesha iPhone ya kwanza. Machi mwaka huohuo M-Pesa ikazinduliwa hapa nyumbani. Haikuhitaji skrini ya kugusa wala kamera. Ilifanya kazi kwenye kabambe, ile mulika mwizi yenye tochi, kwa sababu ilianza na shida ya mtu: nitafikishaje pesa kijijini bila kumpa kondakta wa basi? Ndiyo maana mpaka leo mama mboga mwenye kabambe na mkurugenzi mwenye simu ya laki mbili wanaweza kutumana pesa.

Kwa hivyo simu si urembo tena. Ni pochi, ni daftari la deni, kwa wengine ndiyo benki ya pekee. Mtengenezaji akiiga sura na kuacha ulinzi, hasara haimpati yeye, inakupata wewe.

Basi tufanyeje? Kabla ya kulipa dukani, uliza maswali ambayo bango halijibu. Simu hii itapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani? Nyingi za bei nafuu huahidiwa miaka michache tu, na muuzaji asipojua, mwambie aangalie kwenye tovuti ya kampuni. Betri ikichoka inabadilishwa kwa bei gani, na spea zinapatikana? Pita kwa fundi unayemwamini umuulize kabla ya kununua, si baada ya kuharibika.

Ukishaipata, usifungue simu yenye pesa kwa uso kama inatumia kamera ya kawaida ya mbele. Ingia kwenye mipangilio usome onyo lililopo pale. Simu nyingi zenyewe husema kwamba mtu au kitu kinachofanana nawe kinaweza kuifungua. Tumia alama ya kidole au nambari ya siri. Nambari ya kufungua simu isiwe sawa na ya pesa, na zote mbili zisiwe mwaka uliozaliwa. Ukipeleka simu kwa fundi, toa laini yako kwanza, na usimtajie mtu yeyote nambari ya siri ya pesa hata akisema anataka tu kujaribu. Na kama simu yako imezeeka haipati tena masasisho, tumia huduma ya USSD, ile inayoanza na nyota na kuishia na reli. Haina madoido, lakini haihitaji programu yoyote kwenye simu.

Shangazi sasa anafungua simu yake kwa nambari sita. Laini ya biashara ameirudisha kwenye mulika mwizi wake wa zamani, unaokaa na chaji siku tatu na ambao haumtambui mtu kwa uso. Simu kubwa imebaki ya picha na WhatsApp. Nilipomuuliza kama anajuta, aliniambia kitu ambacho ningependa mtengenezaji mmoja akisikie: "Hii nyingine ni nzuri, lakini haikutengenezwa mtu akifikiria mimi."

Siku muuzaji ataulizwa habari za masasisho na betri na wateja kumi kabla ya saa sita mchana, naye atamuuliza aliyemletea mzigo. Swali hilo likifika kiwandani, wataanza kuigana kwa mambo ya maana. Anza wewe.